Kifaru Kikikosa Mpira

Tarehe 12 Februari 2009, meli ya MV Faina ilitia nanga Mombasa baada ya kushikiliwa na maharamia wa Kisomali kwa zaidi ya miezi minne. Tumboni ilikuwa na vifaru 33 aina ya T-72. Sehemu iliyofuata wengi tunaikumbuka: serikali ikisema ni mali ya jeshi la Kenya, karatasi za mzigo zikiwa na herufi ambazo kila mtu alizisoma kama Serikali ya Sudan Kusini, na sisi tuliokuwa bado shule ya msingi tukisikia watu wazima wakibishana mbele ya taarifa ya saa moja. Kuhusu nani alidanganya nani, makala ziko tele. Mimi leo nataka uangalie miguu ya vile vifaru.

Tafuta picha yoyote ya T-72. Utaona magurudumu sita makubwa kila upande, na kila moja limevikwa ukanda mnene wa mpira pembeni, kama tairi lisilo na upepo. Sasa tafuta picha ya T-64, kifaru kilichobuniwa Kharkiv miaka michache tu kabla ya T-72. Magurudumu ni sita vilevile, lakini ni madogo, membamba, na ukingo wake ni chuma kitupu. Usidhani hakuna mpira. Upo, umefichwa ndani, karibu na kitovu, umebanwa kati ya vipande viwili vya chuma.

Nchi moja, jeshi moja, muongo mmoja, adui mmoja. Na bado wahandisi wa Usovieti walishindwa kukubaliana mpira ukae ukingoni au ukae tumboni. Kwa nini? Nilipoanza kulifuatilia swali hili nilitegemea jibu la kihandisi, hesabu na michoro basi. Nililipata, lakini lilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa imekaa mashambani Muheza na misituni Kongo.

Tuanze na hiyo ya kwanza.

Gurudumu la kifaru haligusi ardhi. Linatembea juu ya cheni, na cheni ni barabara ambayo kifaru kinajitandikia mbele na kujiokotea nyuma. Barabara yenyewe ni ya vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa pini, na kila unapoisha kipande kimoja na kuanza kingine pana tuta dogo. Kiungo kimoja cha cheni ya T-34, kile kifaru maarufu cha Warusi cha vita vya pili vya dunia, kina urefu wa sentimita 17 hivi. Kikienda kilomita 50 kwa saa, kila gurudumu linapita viungo kama 80 kwa sekunde moja. Matuta themanini kwa sekunde. Kama gurudumu ni chuma na tuta ni chuma, hakuna mahali pa mshindo kwenda isipokuwa kupanda juu: kwenye ekseli, kwenye beringi, kwenye nati za injini, mpaka kwenye meno ya dereva.

Vika gurudumu mpira pembeni na mambo yanatulia. Mpira unapokea lile tuta kabla ya chuma kulisikia. Lakini mpira una tabia moja ambayo yeyote aliyewahi kushika tairi la matatu baada ya safari ya Nakuru anaijua: unapata moto. Ukiubana na kuuachilia, haurudishi nguvu yote uliyoupa. Kiasi fulani kinabaki ndani kama joto, na kwa kuwa mpira hauna haraka ya kutoa joto, katikati yake panaendelea kuiva. Ongeza uzito, joto linapanda. Ongeza mwendo, linapanda tena. Ikifika mahali fulani, mpira unaachana na chuma ulichogandishwa, unaanza kumeguka vipande, na gurudumu linabaki limeng'oka ngozi. Kwa hiyo gurudumu lenye mpira ukingoni lina dari. Kila kifaru kizito chenye haraka kinakuja kugonga kichwa hapo.

Sasa ule mpira wa tumboni. Ukingo unakuwa wa chuma, unaoweza kubeba tani bila kulalamika. Ndani, kati ya ukingo na kitovu, unaweka pete za mpira zilizobanwa kwa nguvu. Hazikwaruzwi na mawe, hazikatwi na vyuma vya cheni, na unahitaji mpira kidogo sana ukilinganisha na ule wa kuvika tairi zima. Ni bushi, kwa lugha ya gereji. Kila aliyewahi kukaa kwenye gari ambalo bushi zimekufa anajua kazi yake: gari linaanza kuongea lenyewe. Ubaya ni kwamba ukingo na cheni bado vinagongana chuma kwa chuma. Bushi inazuia mshindo usifike juu sana, lakini kelele inabaki palepale chini, na vyuma viwili vinasagana mpaka kimoja kiishe.

Basi ulaini haupotei, unahama. Ukiutoa ukingoni, utautafuta kwenye kitovu. Ukiutoa kwenye kitovu, utautafuta kwenye springi. Ukikosa hata springi, utaupata kwenye uti wa mgongo wa aliyeketi ndani.

Hao wa mwisho walikuwepo kweli. Cheni zenyewe zilitokana na trekta. Benjamin Holt wa Stockton, California, alijaribu trekta lake la cheni mwaka 1904 kwa sababu ardhi ya huko ilikuwa laini kiasi kwamba magurudumu ya kawaida yalizama. Trekta lile lilitembea pole, likivuta jembe, na rola za chuma tupu zilitosha. Waingereza walipotengeneza kifaru cha kwanza, Mark I, waliichukua fikra ileile: rola za chuma, zimefungwa moja kwa moja kwenye mwili, hakuna springi hata moja. Tarehe 15 Septemba 1916 viliingia vitani Flers, Ufaransa. Tani 28, watu wanane ndani, injini katikati yao kama jiko sebuleni, mwendo wa kilomita sita kwa saa. Kwa mwendo huo unaweza kusamehe kukosa springi. Mtu anayetembea haraka angekipita. Lakini wanajeshi hawakutaka kupitwa na watu wanaotembea.

Aliyevunja dari alikuwa Mmarekani mmoja mkaidi, J. Walter Christie. Kifaru chake cha mwaka 1928 kilikuwa na magurudumu makubwa yaliyovikwa mpira, kila moja na springi yake ndefu, kikakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa juu ya cheni. Jeshi la kwao lilimzungushazungusha. Warusi wakanunua. Kutoka mkono wa Christie zikaja BT, na kutoka BT ikaja T-34: magurudumu matano kila upande, kila moja ni pacha, yaani tairi 20 za mpira kwa kifaru kimoja. Kwa tani 26 na ushei, na baadaye tani 30, mpira ule ulikuwa unaweza.

Leningrad walikuwa na tatizo lingine. Kifaru chao kizito, KV, kilichotoka mwaka 1939, kilikuwa na tani zaidi ya 40. Gawanya kwa magurudumu 12, kila moja linabeba karibu tani nne. Timu ya Zhozef Kotin haikutaka hata kujaribu mpira wa ukingoni. Waliuingiza tumboni tangu siku ya kwanza. Hapo ulikuwa uamuzi wa kihandisi kabisa, msafi, wa mtu aliyepiga hesabu yake akaridhika.

Halafu likaja 1941, na hesabu ikaacha kuwa safi.

Usovieti haikuwa na mashamba ya mpira. Kilichowaokoa kabla ya vita ni kemia: Sergei Lebedev aligundua namna ya kutengeneza mpira kutokana na pombe kali, na pombe yenyewe ilitokana na viazi na nafaka. Kiwanda cha Yaroslavl kilianza kazi 1932, na Voronezh nao wakapata chao. Wajerumani walipoingia, ramani ya viwanda ikavurugika. Vingine vilifunguliwa nati moja moja vikapakiwa kwenye treni kwenda mashariki. Mpira ukaadimika. Na kiwanda cha trekta cha Stalingrad, kilichokuwa kikimwaga T-34 kila siku, kikajikuta na vifaru visivyo na viatu.

Suluhisho lao lilikuwa kuazima fikra ya KV. Wakatoa magurudumu ya chuma yenye mpira tumboni, kwa kifaru ambacho hakikubuniwa kwa ajili yake. Na hapa ndipo tofauti ya miundo hii miwili inaonekana wazi kuliko kwenye kitabu chochote, kwa sababu ni kifaru kilekile, injini ileile, springi zilezile, gurudumu tu limebadilika. KV ilikuwa nzito na ya polepole. T-34 ilikuwa na mbio. Kwenye mbio, chuma juu ya chuma kiliimba kwa sauti ya kusikika mbali, na mtetemo ukaanza kulegeza vitu ndani. Askari aliyetegemea kuvizia alikuwa akijitangaza kabla hajafika.

Jibu la kiwanda cha Nizhny Tagil nalipenda kuliko yote. Hawakuwa na mpira wa kuvika magurudumu kumi, lakini walikuwa nao wa kuvika manne. Wakauliza: magurudumu gani yanapigwa zaidi? La kwanza, linalopokea cheni ikija, na la tano, la mwisho. Wakayavika hayo mpira. Ya pili, ya tatu na ya nne yakabaki chuma chenye mpira tumboni. Ukiona picha ya T-34 ya mwaka 1942 yenye viatu tofauti, usidhani mtu alikuwa anaokoteza vipuri. Mtu alikaa chini akagawa umaskini kwa akili. Mpira uliporejea kupatikana, kufikia 1943, walirudi kwenye tairi za pembeni haraka bila mjadala mrefu. Huo nao ni ushahidi. Kama chuma kingekuwa bora kwa kifaru kile, wasingekiacha.

Kwa vifaru vizito waliendelea na chuma. IS-2, mrithi wa KV, ilitembea kwa magurudumu madogo ya chuma cha kumwaga, bila hata mpira wa ndani, na kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 37 kwa saa. Ulaini wote uliachiwa springi. Waingereza na Churchill yao walikuwa kwenye kambi hiyohiyo: vigurudumu vidogo vingi, mwendo wa kilomita 25 kwa saa, lakini ilipanda vilima vya Tunisia mwaka 1943 ambavyo Wajerumani hawakutegemea kifaru kifike. Nani alisema lazima ukimbie?

Wajerumani walizunguka mlima mzima kabla ya kufika palepale. Tiger ya 1942 ilikuwa na tani 57, na wahandisi wake walikataa kuacha mpira wa ukingoni. Ili kila tairi lisibebe uzito wa kuliua, waliongeza matairi. Ekseli nane kila upande, kila ekseli magurudumu matatu, jumla 48, yamepangwa kama vigae, moja likiingia katikati ya mengine. Kwenye karatasi ni maridadi. Uzito umegawanyika vizuri, na wanaohadithia Tiger husema ilikwenda kwa utulivu kwa mashine ya ukubwa ule. Sasa lipeleke Urusi. Matope yaliingia katikati ya magurudumu jioni, usiku yakaganda, asubuhi kifaru hakiendi mbele wala nyuma. Gurudumu la ndani likiharibika, ilibidi kung'oa msururu wa magurudumu mazima kwanza ndiyo ulifikie. Na kila kikipakiwa kwenye treni, cheni pana zilitolewa na magurudumu ya nje yakafunguliwa, la sivyo kisingepita.

Mapema 1944 walisalimu amri. Tiger zikaanza kutoka na magurudumu ya chuma yenye mpira tumboni, mawili kwa ekseli badala ya matatu. Kutoka 48 hadi 32. Hakukuwa tena na haja ya kufungua la nje kwa ajili ya treni. Tiger ya pili, karibu tani 70, haikujaribu kitu kingine. Ukisoma wapenzi wa vifaru, watakuambia Wajerumani waliiga fikra kutoka kwa KV walizoziteka. Labda. Ninachokiona mimi ni kwamba hesabu ya uzito na hesabu ya uhaba zilikuwa zimekutana mahali pamoja: gurudumu la chuma lilibeba zaidi na kula mpira kidogo, na Ujerumani mwaka 1944 ilikuwa inahitaji yote mawili.

Ule uhaba ndiyo nusu ya pili ya jibu.

Kiswahili kinaita kila kitu mpira: ule wa kuchezea, wa kunyweshea shamba, wa kondomu, wa tairi. Lakini neno hili lilikuwa pia la mmea. Wazee wa Pwani waliita mpira mtambaazi wa msituni unaotoa utomvu mweupe, wa jamaa moja na mbungo, ule ambao matunda yake bado tunayanywa juisi Mombasa na Unguja. Utomvu ule uliuzwa nje kabla hatujasikia habari za kifaru. Kongo ya Mfalme Leopold, baada ya Dunlop kuvumbua tairi la upepo la baiskeli mwaka 1888, ilijulikana duniani kwa mpira na kwa mikono iliyokatwa. Wajerumani wao walipanda mipira ya Kibrazili Tanganyika, mashamba mengi yakiwa kwenye vilima vya Usambara na Muheza. Mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu mashamba ya Malaya yalikuwa yameanza kuujaza ulimwengu mpira wa rahisi. Wenye mashamba wakafilisika, miti ikaachwa, magugu yakarudi.

Miaka 29 baadaye, tarehe 15 Februari 1942, Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani. Kusini-mashariki mwa Asia ndiko kulikotoka takriban asilimia 90 ya mpira wote wa asili duniani. Katika wiki chache tu Waingereza na Wamarekani walijikuta katika hali aliyokuwa nayo Stalin. Wamarekani, waliokuwa wakivika mpira mpaka cheni za Sherman, walianza kutoa cheni za chuma. Wakajenga viwanda vya mpira wa mafuta ya petroli kwa kasi ya kushangaza. Lakini viwanda huchukua muda, na vita havikusubiri. Kwa hiyo wakoloni wakakumbuka ile miti.

Tanganyika, mashamba ya mpira ya Wajerumani yalifufuliwa, na serikali ikatumia sheria ya kazi za lazima ya wakati wa vita kupeleka wanaume kwenye mkonge, pareto na mpira. Kongo ya Wabelgiji ilikwenda mbali zaidi. Siku za kazi za lazima kwa mwaka zilipandishwa mwaka 1942 kutoka 60 hadi 120, na watu wakarudishwa msituni kugema mitambaazi ileile ambayo babu zao waliigema kwa hofu ya Leopold. Waliokuwa hai wakati wa mikono iliyokatwa walikuwa bado hai. Fikiria mama wa miaka 50 kwenye Ikweta ya Kongo akiambiwa tena, leteni mpira.

Upande ule mwingine wa bahari, vijana wa King's African Rifles, wakiwemo wengi kutoka Kenya, walipelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ikinyesha na malaria ikivuna, kupigana na jeshi lililokuwa limekalia mashamba ya mpira. Mjomba mmoja alibebeshwa bunduki, mwingine akapewa kisu cha kugemea. Vitabu vya shule vilimtaja wa kwanza kwa mistari miwili na wa pili vikamsahau kabisa.

Wajerumani nao walikuwa na msitu wao. Waliita mpira wao wa kemia Buna. Kampuni ya IG Farben ilianza kujenga kiwanda kipya cha Buna Monowitz, kando ya Auschwitz, kwa kutumia wafungwa wa kambi. Maelfu walikufa wakikijenga. Kiwanda hakikuwahi kutoa mpira hata kilo moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia gurudumu la chuma lilishinda la mpira kwa sababu za kihandisi, muulize ni mwaka gani. Vita vilipoisha na mpira ukajaa tena sokoni, karibu kila jeshi lilirudi kwenye mpira wa ukingoni. Kemia ilikuwa imeboreka, mpira ulistahimili joto kuliko wa 1941, na dari ile ikapanda. T-64 ya Kharkiv ilitoka kwenye mstari huu kwa makusudi: Aleksandr Morozov alikuwa akitafuta kila kilo ya kupunguza, na gurudumu dogo la chuma lenye mpira tumboni lilikuwa jepesi. Alilipia kwa mtetemo na kelele. Nizhny Tagil, wale wale wa viatu vya kuchanganya, walipotengeneza T-72 waliamua kubeba uzito kidogo zaidi ili kifaru kitembee kwa adabu. Kumbukumbu ya kiwanda ni kitu kigumu kukithibitisha, lakini mimi sioni ajabu kwamba watu wa Tagil ndio waliochagua mpira nje.

Vita viliacha kitu kingine: vifaru elfu kwa elfu visivyo na kazi. Na hapa tunafika Kongwa.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Serikali ikapanga kulima karanga Tanganyika, mamilioni ya ekari, na makao ya kwanza yakawa Kongwa, Ugogo, ambako Wagogo wangeweza kuwaambia bure kuwa mvua ni ya kubahatisha. Waliohusika walihitaji matrekta makubwa ya cheni. Caterpillar zilikuwa za dola, na Uingereza haikuwa na dola. Wakanunua mitumba ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, mashine zilizokwisha choka kabla hazijapanda meli. Na kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikaja na wazo lililoonekana la akili sana: chukua Sherman, ng'oa kichwa na bunduki, geuza mwili uwe trekta. Wakaliita Shervick, nusu Sherman nusu Vickers.

Tatizo ni lile la Stalingrad, limegeuzwa juu chini. Kule walivalisha kifaru cha mbio miguu ya kifaru cha polepole. Hapa walichukua mashine iliyobuniwa kukimbia, kusimama na kupiga, wakaipeleka kusukuma. Trekta la kusukuma linataka ugumu. Rola zake za chuma zimefungwa kwenye fremu ngumu ili blade ikikutana na kisiki, mashine isiiname wala kuruka. Halihitaji mpira ukingoni kwa sababu linatembea kilomita tano kwa saa, na matuta ya cheni kwa mwendo huo ni kama kubembelezwa. Springi na ulaini wote uliohitajika ili askari apige shabaha akiwa anakimbia, kwa dereva wa Kongwa anayeng'oa mizizi ya mbuyu ulikuwa mzigo. Udongo wa Kongwa nao, kiangazi uligeuka kama zege na mchanga wake ulikula chuma chochote kilichosuguana na kingine, na kwenye cheni kila kitu kinasuguana.

Shervick hazikuuokoa mradi. Caterpillar za mitumba nazo zilikufa kwa makumi, gereji ya Kongwa ikajaa mizoga. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifunga hesabu, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Ardhi iliyokwanguliwa miti ilibaki.

Vickers hawakukata tamaa na ulaini. Miaka ya 1950 walitoa trekta jipya, VR180 Vigor, lenye injini ya Rolls-Royce na miguu inayonyumbulika kama ya kifaru, ili liweze kukimbia kati ya kazi na kazi. Halikudumu sokoni. Walichokuwa wanakijua vizuri ni vifaru, na huko walirudi: mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilinunua kwao Vickers Mk 3, magurudumu sita kila upande, mpira ukingoni. Kwa hiyo kabla T-72 za Faina hazijashushwa Kilindini, tulikuwa tayari na vifaru vya watoto wa Shervick.

Na tingatinga? (Jina ambalo, kwa waliosahau, ndilo lililompa Raila Odinga lakabu ya Tinga, kupitia trekta la chama chake cha NDP mwaka 1997.) Kwa miongo mingi tingatinga lilibaki gumu. Ndiyo maana mpaka leo hulioni likijiendesha Barabara ya Mombasa kutoka kazi moja hadi nyingine. Linabebwa juu ya lori refu usiku, kama bwana harusi, kwa sababu likitembea lenyewe litachana lami na kujisaga rola. Lakini mwaka 1977 Caterpillar walitoa D10, mnyama wa tani 80 na ushei. Kwa uzito ule ugumu ulianza kuumiza: rola zisizonyumbulika juu ya mwamba zinaegemea jiwe moja au mawili tu, na zile zilizobaki zinaning'inia hewani huku mshindo ukipanda mzima mzima. Wakazifunga rola mbili mbili kwenye vigari vinavyobembea, zikawa zinafuata umbo la jiwe. Ukingo wa rola ulibaki chuma kitupu. Juu ya vigari, mahali pasipoonekana, wakaweka vitalu vya mpira.